Mgonjwa ni O, dada yake ni B: uloto wake utamfaa?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 8 na ana selimundu. Mwaka jana alipata kiharusi, na tangu hapo anaongezewa damu kila mwezi. Tumeshauriwa apandikizwe uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, tukapimwa familia nzima. Kaka yake wa miaka 19 ana kundi O chanya kama mgonjwa, na sura zao ni moja, lakini majibu ya HLA yameandikwa 5/10. Dada yao wa miaka 12 ana kundi B chanya na ni AS, yaani mbebaji wa selimundu, ila yeye ameandikiwa 10/10 na ndiye aliyechaguliwa. Baba mkwe wangu amegoma. Anasema damu ya B haiingii kwa mtu wa O, na kwamba msichana mwenye nusu ya ugonjwa atamrudishia mwenzake ugonjwa uleule. Yupo pia kaka yao wa baba mmoja, miaka 24, amejitolea. Na mimi mama yao niko tayari kutoa. Je, hospitali imekosea? — Mama, Tanga

JIBU: Mama, hospitali haijakosea. Kwa majibu uliyonitajia, dada huyo wa miaka 12 ndiye mtu bora kuliko wote mlionao, na tofauti ya kundi la damu haimwondoi. Mfikishie mzee shikamoo yangu, kisha umsomee jibu hili taratibu. Hoja yake ina msingi, na anastahili kuelezwa vizuri kabla ya kuombwa akubali.

Angekuwa anazungumzia kuongezewa damu, angekuwa sahihi kabisa. Chupa ya damu ya B ikimwingia mtu wa O inaweza kumuua, kwa sababu mwili wa mtu wa O una kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B, nazo huzipasua chembe nyekundu ngeni mara moja. Lakini chembe nyekundu ni mgeni wa muda: ya mtu mzima kiafya huishi siku 120 hivi, kisha huondoka. Mwanao hahitaji chembe nyekundu za dada yake. Anahitaji kiwanda chenyewe, yaani seli shina zinazokaa ndani ya uloto na kuzaa damu yote, nyekundu na nyeupe, kwa maisha yote yaliyobaki. Kiwanda hicho hakitambuliwi kwa alama za A, B na O. Kinatambuliwa kwa alama nyingine kabisa, ambazo ndizo mlizopimiwa: HLA.

Hebu nieleze HLA ni kitu gani, maana nyumba nyingi hupewa karatasi ya majibu bila kupewa maana yake. Karibu kila seli mwilini yenye kiini hubeba juu yake protini ndogo zilizoumbwa kama sinia lenye bonde katikati. Seli huchukua vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake, ikavipakua kwenye sinia na kuvitoa nje. Askari wa kinga, seli T, hupita wakikagua. Wakikuta vipande vya kawaida, wanapita. Wakikuta kipande cha kirusi, wanaiua seli hiyo. Sasa askari hawa wamefunzwa tangu utotoni kuyajua masinia ya nyumbani kwao tu. Ukiwaletea seli yenye sinia la umbo jingine, huichukulia kama adui hata kama ni nzima.

Ndiyo maana figo ya mtu asiyelingana hukataliwa. Kwenye uloto, hata hivyo, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu inakwenda pande zote mbili. Kinga ya mgonjwa inaweza kuukataa uloto mpya. Na uloto mpya, ambao umekuja na askari wake, unaweza kuuangalia mwili mzima wa mgonjwa ukauona ni wa adui: ngozi, utumbo na ini hushambuliwa kwanza. Madaktari huandika GVHD, yaani kipandikizi kumshambulia mwenyeji. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kulielewa, kwa sababu ndugu wengi huuliza tu kama mwili wa mgonjwa utakubali, bila kujua kwamba uloto nao una maamuzi yake.

Dunia ililipia somo hili kwa uchungu. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 wagonjwa takriban 200 walipandikizwa uloto wa watu wengine na karibu wote walikufa. Kundi la damu lilikuwa linajulikana tangu mwanzo wa karne ile, lakini halikuwasaidia. Mwaka 1958, Jean Dausset huko Paris alieleza alama ya kwanza ya chembe nyeupe, na mwaka huohuo Jon van Rood wa Uholanzi alionyesha kwamba akina mama waliopata mimba hujijengea kingamwili dhidi ya alama za namna hiyo zilizotoka kwa baba wa mtoto. Hapo ndipo njia ilipofunguka. Mwaka 1968, Robert Good na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walimpandikiza uloto mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa bila kinga. Mtoaji alikuwa dada yake, ambaye HLA zao zilikaribiana sana. Makundi yao ya damu yalikuwa tofauti. Mtoto alipona, akakua, na kundi lake la damu likageuka kuwa la dada yake. Mwambie mzee: jambo analolihofia lilishatokea zaidi ya miaka 50 iliyopita, na mtoto akapona.

Sasa tuishike karatasi yenu. Utaona herufi kama A, B, C, DRB1 na DQB1. Tahadhari: hizo A na B si A na B za kundi la damu, ni majina tu yaliyogongana, na yamewachanganya watu wengi. Kila herufi ina mistari miwili, kwa mfano A*30:01, ambapo tarakimu zinazotangulia nukta mbili hutaja ukoo wa sinia na zinazofuata hutaja sinia lenyewe hasa. Sehemu tano mara mistari miwili ni kumi. Dada analingana na mgonjwa kwenye kumi zote, kaka kwenye tano.

Kwa nini kaka ana tano kamili na si nane au tatu? Kwa sababu jeni hizi zote zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 6 na karibu kila mara hurithiwa kwa pamoja, kama kitita kilichofungwa. Wewe una vitita viwili, ulichopewa na baba yako na ulichopewa na mama yako. Mumeo naye ana viwili. Kila mtoto huchukua kitita kimoja kwako na kimoja kwa baba yake. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi ya 25% ya kupata vitita vilevile viwili, 50% ya kushirikiana kimoja, na 25% ya kutoshirikiana hata kimoja. Mwanao ana ndugu wawili wa baba na mama, kwa hiyo nafasi ya kupata angalau mmoja anayelingana kikamilifu ilikuwa 44%. Mmepata. Wapo wenye watoto sita ambao hawakupata.

Sura haina neno hapa. Jeni za pua, macho na rangi ziko kwingine, na jeni ya kundi la damu iko kwenye kromosomu ya 9. Kaka amerithi kundi moja na mdogo wake, na huenda pia mwendo na kicheko, lakini kitita kimoja kati ya viwili kimetofautiana.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali lako kuhusu wewe mwenyewe. Mzazi na mtoto hushirikiana kitita kimoja, basi, nusu kwa nusu. Mapenzi ya mama hayabadilishi hilo, naandika hivi kwa heshima kwa sababu nimewaona akina mama wakilia mbele ya karatasi ya 5/10 kana kwamba wamehukumiwa kuwa wazazi pungufu. Si hivyo. Kila mama duniani ni angalau nusu kwa mwanawe, na kwa kawaida ni nusu tu. Tofauti hutokea pale wazazi wanapokuwa ndugu, kwa mfano watoto wa ami waliooana, jambo ambalo huku pwani, Zanzibar na kwa jamaa zetu wa Oman si geni. Hapo kitita kimoja kinaweza kuwa kimezunguka ndani ya ukoo, na baba, mama au hata binamu akakutwa analingana kuliko ilivyotarajiwa. Kama wewe na mumeo mna undugu, mwambie daktari wenu, anaweza kupanua upimaji.

Kaka wa baba mmoja naye: anaweza kushirikiana na mgonjwa kitita cha upande wa baba tu, na hata hicho ni nusu ya uwezekano. Kujitolea kwake ni kwema, lakini hatamzidi dada. Na hapa niseme jambo ambalo ni afadhali lisemwe mapema kuliko likagunduliwa: kipimo cha HLA kinaweza kufichua kwamba mtu si mzazi wa damu wa mtoto anayemlea. Hospitali yenye utaratibu mzuri huiuliza familia kabla ya kupima ni nani apewe majibu ya nani. Yasisomwe hadharani sebuleni.

Huenda pia unajiuliza kama kuna mtu mwingine huko nje. Daftari za kimataifa za watoaji zina watu zaidi ya milioni 40 waliojitolea. Lakini hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2014 kuhusu daftari la nchi hiyo ilionyesha kuwa mtu mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya 75% hivi ya kumpata mtoaji anayelingana kikamilifu, ilhali mwenye asili ya Afrika alikuwa na 19% tu. Sababu ni mbili na zote zinaniuma. Waafrika tuna aina nyingi zaidi za vitita kuliko watu wa bara lolote, kwa hiyo ili wapatikane wanaofanana inabidi waandikishwe watu wengi zaidi. Na badala yake tulioandikishwa ni wachache mno. Ndiyo maana kwa mtoto wa Tanga, dada aliyelala chumba cha pili ni hazina ambayo dunia nzima huenda isingeweza kuibadilisha.

Turudi kwenye B na O, maana nimesema haizuii, sikusema haina kazi. Mwanao ana kingamwili dhidi ya B, na uloto wa dada utakuja umechanganyika na chembe nyekundu za B. Maabara huzipunguza chembe hizo kabla ya kumwekea. Wiki na miezi ya kwanza, kingamwili zake za zamani zinaweza kuendelea kuzipiga chembe nyekundu changa za B zinazozaliwa, kwa hiyo damu yake nyekundu inaweza kuchelewa kupanda, na atahitaji kuongezewa. Katika kipindi hicho ataongezewa chembe nyekundu za O, lakini chembe sahani, zile za kugandisha damu, na plazma, maji ya damu, zitatoka kwa watu wa B au AB. Waombeni wauguzi waiandike amri hiyo kubwa kwenye faili, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku akiona O kwenye kadi ya zamani anaweza kuchanganyikiwa. Mwishowe, kwa miezi, kundi lake litageuka kuwa B chanya. Kadi yake ya damu ibadilishwe.

Na AS? Mtoaji mwenye AS anakubalika, na sehemu kubwa ya watoto wa selimundu waliopona kwa uloto wa ndugu zao duniani walipewa na ndugu wenye AS, kwa sababu wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, nusu ya watoto wao hutarajiwa kuwa hivyo. Mwanao hatarudishiwa ugonjwa. Damu yake itakuwa kama ya dada yake, naye ameishi miaka 12 bila kulazwa kwa maumivu ya selimundu. Tena haihitajiki hata uloto wote uwe wa dada: utafiti umeonyesha kwamba seli za mtoaji zikishika kama 20% tu ya uloto, dalili za selimundu hutulia, kwa sababu chembe nyekundu nzima huishi muda mrefu kuliko zile mundu ambazo hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Ambalo halitabadilika ni jeni alizozaliwa nazo kwenye mbegu zake za uzazi. Akija kuoa, aseme kwamba yeye kwa uzazi ni SS, yaani mwenye jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Sitaki uondoke hapa ukidhani 10/10 maana yake ni uhakika. Nje ya HLA kuna alama ndogondogo nyingi zisizopimwa, vile vipande vinavyowekwa juu ya sinia, navyo hutofautiana hata kwa ndugu wenye masinia yaleyale. Mojawapo hutoka kwenye kromosomu ya Y: askari wa mwanamke wanaweza kuushambulia mwili wa mwanamume kwa sababu hawajawahi kuiona, hasa kama mwanamke huyo amewahi kubeba mimba za watoto wa kiume. Kwa msichana wa miaka 12 wasiwasi huo ni mdogo. Lakini bado mwanao atapewa dawa za kuituliza kinga, kama siklosporini na methotreksati, na msizikatize kwa sababu anaonekana mzima. Katika ripoti ya wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana kikamilifu, iliyochapishwa mwaka 2017, asilimia 93 hivi walikuwa hai baada ya miaka mitano, na 91 walikuwa hai huku uloto mpya ukiendelea kufanya kazi. Takriban mmoja kati ya saba alipata GVHD ya kutibiwa. Namba hizo ni nzuri. Lakini kuna wagonjwa saba katika mia ambao hawakuwa hai, na mzazi ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutia saini.

Utasikia pengine mtu aliyepandikizwa kwa saratani ya damu akisema madaktari wake walifurahi kuona GVHD kidogo. Kwake ilikuwa kweli, kwani askari wa mtoaji huwinda pia seli za saratani zilizobaki. Kwenye selimundu hakuna saratani ya kuwindwa. GVHD kwa mwanao ni hasara tupu, ndiyo maana tunataka ulinganifu wa juu kabisa, na ndiyo maana tunapendelea uloto uchotwe kwenye mfupa wa nyonga kuliko seli zinazokusanywa kutoka kwenye mishipa, ambazo huja na seli T nyingi zaidi.

Kuna jambo moja la kuacha leo: ndugu wa karibu wasimtolee mtoto huyu damu. Najua kwetu hospitali nyingi huomba ndugu waje kuchangia. Wachangie, lakini damu yao iende kwa wengine. Kila chupa yenye seli nyeupe za ndugu humfundisha mgonjwa kuyajua na kuyachukia masinia ya ukoo wake. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimpima msichana ambaye mtoaji wake wa akiba angekuwa mama yake. Mama alikuwa amemtolea damu mara kadhaa kwa upendo mtupu, na mtoto alikuwa amejaa kingamwili dhidi ya kitita kile ambacho hakukirithi kwake. Mlango ukafungwa. Baada ya upandikizaji damu ya ndugu ni hatari kwa namna nyingine tena, kwani seli T zake zinaweza kujipenyeza bila kutambuliwa na kuanzisha mashambulizi. Damu yote atakayopewa kuanzia hapo ipigwe mionzi kwanza.

Nimesema habari nyingi za mgonjwa, na yupo mtoto mwingine hapa. Dada atalazwa usingizi, uloto uchotwe kwa sindano nyuma ya nyonga, usiozidi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Ataumwa kiuno siku kadhaa, atahitaji madini ya chuma, na uloto wake utajijaza tena ndani ya wiki chache. Hapungukiwi kitu cha kudumu, wala uwezo wake wa kuzaa hauguswi. Lakini aulizwe. Aulizwe na daktari asiye wa kaka yake, akiwa peke yake, bila babu wala mama kumtazama usoni. Na aambiwe waziwazi kwamba ikishindikana, kosa halitakuwa lake.

Upandikizaji wa uloto kwa watoto wa selimundu kutoka kwa ndugu zao sasa unafanyika hapa nchini, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Si lazima tena kufikiria India kama njia pekee.

Mwisho, yule kaka wa miaka 19. Ameambiwa hafai, na nahisi ameumia. Neno sahihi ni kwamba yeye ni nusu, na nusu siku hizi ina njia yake. Madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ukimpa mgonjwa dawa ya siklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya kumwekea uloto wa nusu, askari wa mtoaji waliokwisha kuamka na kuanza kushambulia ndio wanaokufa, na seli shina hubaki salama. Kwa mtoto mwenye dada wa 10/10 hatuanzii huko, hatari ya uloto kukataliwa ni kubwa zaidi. Lakini uloto wa kwanza ukigoma kushika, daktari atahitaji mtu wa pili haraka. Ombeni mgonjwa apimwe sasa kama ana kingamwili dhidi ya HLA za kaka, zako na za baba yake, na jina la kaka liandikwe kwenye faili kama mtoaji wa akiba.